Mazoezi ya Bure ya SAT: Nilivyoyaona Nikiwa na Vijana wa Shule za Kata

Nianze na jibu, maana wazazi wanaonipigia simu huuliza hilo kwanza: ndiyo, mazoezi ya bure yanatosha kumwandaa kijana kwa mtihani wa SAT, na hakuna haja ya kupeleka malaki ya pesa kwenye kituo cha twisheni. Ninazungumzia vitu vitatu: programu ya Bluebook, masomo ya tovuti ya Khan Academy na benki ya maswali ya College Board, taasisi yenye mtihani huo. Nimevitumia pamoja na vijana waliomaliza kidato cha sita hapa Morogoro. Wengi wao ni wa shule za kata za Mvomero na Kilosa, na Jumamosi hukutana sebuleni kwangu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Hesabu za SAT hawaziogopi, hata wale wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) wakikumbushwa kidogo wanazimudu. Wanakokwama ni kwenye msamiati, na huko ndiko nitakokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu naona watoto wenye akili wakipoteza alama mahali ambapo hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba pana shimo.

Kwa asiyeufahamu, SAT ni mtihani wa Marekani ambao vyuo vikuu vingi vya huko huutazama vinapochagua wanafunzi na kugawa ufadhili. Alama ni kuanzia 400 hadi 1600, nusu za lugha na nusu za hesabu. Sisi tulio nje ya Marekani tulianza kuufanya kwa kompyuta Machi 2023, na wao wakafuata mwaka mmoja baadaye. Unachukua saa 2 na dakika 14. Upande wa lugha una mafungu mawili, kila fungu maswali 27 kwa dakika 32, na kila swali lina kifungu chake kifupi cha maneno yasiyozidi 150. Jambo la kukumbuka ni kwamba fungu la pili hupangwa kulingana na ulivyofanya la kwanza. Ukifanya vizuri unaletewa gumu, na humo ndimo alama za juu zilimo. Ukiteleza mwanzoni unaletewa jepesi, na hapo hata ukijitahidi vipi kilele hukifikii. Na kila fungu huanza na nini? Maswali ya maneno. Mtoto mwenye Kiingereza cha darasani tu anakutana na kisiki chake kabla hajatulia kitini.

Bluebook ndiyo programu inayotumika siku ya mtihani wenyewe, kwa hiyo mazoezi yake hayana mfano. Ina mitihani kamili ya majaribio, saa inayohesabu juu ya kioo, kikokotoo ndani yake, na kitufe cha kukata majibu usiyoyataka. Kitufe hicho nakipenda kuliko vyote. Kijana akishakata majibu mawili, mimi niliyesimama nyuma yake naona alivyofikiri bila hata kumuuliza. Mtandao unahitajika kuanza na kutuma majibu. Ukikatika katikati mtihani unaendelea, jambo ambalo kwa mji wetu ni nafuu kubwa. Lakini haifanyi kazi kwenye simu, inataka kompyuta mpakato au tableti. Kijana wa Kilosa ana simu, tena wakati mwingine ni ya kaka yake. Kwangu kompyuta zipo chache, basi mmoja anafanya, wengine wanasubiri zamu wakiwa na karatasi.

Khan Academy inafunguka kwenye simu, na tangu 2015 mazoezi yake ya SAT ni ya bure, kwa ushirikiano na College Board wenyewe. Video zinakula bando, kwa hiyo nawaambia vijana wayasome maelezo na kufanya maswali kwanza, video wazitazame wakiwa kwangu. Uzuri wake ni kwamba haimwambii mtoto kuwa amekosa tu, inamweleza kwa nini jibu alilochagua linavutia na kwa nini bado si lenyewe. Upungufu ni kwamba masomo hayo yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Marekani. Yanafundisha mbinu ya swali, yakichukulia kwamba lugha yenyewe mtoto anayo tangu nyumbani.

Kitu ambacho wachache wanakijua, nami nakiona ni lulu, ni ile benki ya maswali. Unaingia kwenye tovuti ya College Board, unachagua aina ya maswali unayotaka, kwa mfano ya maneno peke yake, unachagua ugumu, kisha unapakua faili pamoja na majibu na maelezo. Faili unalipeleka steshenari, wanakuprintia. Kijana anaondoka na kitini mkononi, anakisoma ndani ya daladala au akichunga duka la mama yake, hahitaji bando wala umeme. Mzazi mwenye shilingi elfu kumi tu ya kutumia kwenye maandalizi haya, ushauri wangu ni azitumie hapo.

Sasa maneno.

Swali la maneno la siku hizi liko hivi: kifungu kifupi, mara nyingi cha sayansi, historia au fasihi, chenye nafasi iliyoachwa wazi, na chini yake maneno manne. Uchague linalofaa zaidi. Binti mmoja wa Mvomero, aliyepata daraja la kwanza kidato cha sita, alikuwa na kifungu kuhusu watafiti waliobuni njia ya kupima kitu ambayo haijawahi kutumiwa na mtu. Jibu lilikuwa "novel". Nilimwona akilikata la kwanza kabisa, bila kusita. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa heshima zote: "Madam, novel si riwaya? Mwanasayansi anafanya nini na riwaya?"

Hakuna kosa katika fikra hiyo. Amesoma riwaya za Kiingereza kidato cha tatu na cha nne, na kila mara neno hilo lilipotajwa darasani lilikuwa na maana moja. Kwamba neno hilohilo ni sifa yenye maana ya kitu kipya kisichofanana na vilivyotangulia, hilo halimo kwenye muhtasari, halimo kwenye mtihani wa NECTA, na hakuna mahali nyumbani kwao, kanisani wala sokoni ambapo angelisikia. Ni vivyo hivyo kwa "qualified". Kwa vijana wangu neno hilo ni mtu mwenye vyeti. Wakikuta kwamba mwandishi ametoa "qualified support" kwa wazo fulani, wanaelewa ameliunga mkono kwa nguvu zote, kumbe ameliunga mkono kwa masharti. Maana imegeuka kichwa chini na mtoto hana kitu cha kumshtua. "Sound" kwao ni sauti, hoja yenye mashiko ikiitwa hivyo wanabaki wanatazamana.

Hao hao, wape kifungu chenye "surplus", "exploitation", "sovereignty" au "indigenous" uone. Wanapita kama maji. Historia yetu ya sekondari imejaa maneno hayo, tangu mtoto anapoanza kufundishwa ukabaila na njia za uzalishaji mali hadi ujio wa wakoloni. Jiografia inawapa mengine, baiolojia mengine. Maneno ambayo kijana wa Marekani anayaona mazito, wa kwangu ameyaandika kwenye madaftari miaka sita. Maneno ambayo kijana wa Marekani ameyaokota mezani kwao akila chakula cha jioni, wa kwangu hajakutana nayo.

Nilidhani ni jambo letu sisi tu tunaojifunza Kiingereza shuleni, mpaka niliposoma kuhusu utafiti wa Roy Freedle. Mtu huyu alifanya kazi miaka mingi ETS, taasisi iliyokuwa ikitengeneza SAT. Mwaka 2003 alichapisha makala katika jarida la Harvard Educational Review akilinganisha wanafunzi weupe na weusi wa Marekani waliokuwa na jumla sawa ya alama. Akaona kwamba kwenye maswali mepesi ya lugha wanafunzi weusi walifanya vibaya kidogo kuliko weupe wa kiwango chao, na kwenye maswali magumu walifanya vizuri kidogo. Maelezo yake yalikuwa kwamba neno jepesi huishi nyumbani na mtaani, na kila jamii ina namna yake ya kulitumia, ilhali neno gumu linatoka kitabuni na kila mtu hulikuta huko likiwa na maana ileile. ETS walimpinga. Mwaka 2010 Santelices na Wilson wakarudia kazi hiyo kwa kutumia matoleo ya mtihani ya miaka ya 1990 na takwimu za California, nao wakakuta mwelekeo huo. Mabishano ya kitakwimu nawaachia wenyewe. Ninachojua ni kwamba niliyaona hayo hayo sebuleni.

Ndiyo maana siwezi kuyasifu mabadiliko ya mtihani huu moja kwa moja kama wengi wanavyoyasifu. Historia yake kwa ufupi: SAT ya kwanza ilifanywa Juni 1926, na kwa miaka mingi upande wa lugha ulikuwa kwa sehemu kubwa mtihani wa maneno. Kulikuwa na maswali ya vinyume, yakaondolewa 1994. Kulikuwa na mlinganisho, kwamba neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi, nao ukaondolewa 2005. Katika mlinganisho ndimo lilimotoka swali linalotajwa mpaka leo kila watu wanapozungumzia upendeleo: mkimbiaji kwa mbio ndefu ni kama nani kwa nini? Jibu lilikuwa mpiga makasia kwa mashindano ya mashua, "oarsman" na "regatta". Mtoto wa mtaa maskini wa Chicago ayajulie wapi mashindano ya makasia, mchezo wa shule za kitajiri? Mtoto wa Lamu au wa Nungwi ameona mashindano ya mashua na ngalawa tangu anabebwa mgongoni, na bado swali hilo lingemwangusha, maana jambo analijua ila jina lake la Kizungu hana.

Mwaka 2014 David Coleman, wakati huo rais wa College Board, alitangaza kwamba maneno ya ajabuajabu yataondolewa na mtihani utapima maneno yanayotumika kweli chuoni na kazini. Toleo hilo lilianza Machi 2016, na hapo pia wakaacha kukata alama kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo kijana asiache swali hata moja wazi. Nia ilikuwa njema na naiheshimu. Kukariri maneno elfu tatu usiyoyatumia popote ni kuupoteza ujana. Ila kwa upande wetu kulikuwa na jambo ambalo sijasikia likisemwa: ile orodha ya maneno magumu mtoto maskini mwenye bidii angeweza kuishinda kwa kukesha. Ilikuwa haina adabu lakini ilikuwa na mwisho. Maneno mepesi yenye maana tatu tatu hayana orodha. Hayakaririki usiku mmoja wala miezi mitatu, yanamwingia mtu kwa kusoma vitabu vingi na kwa muda mrefu, na vitabu ndivyo tusivyokuwa navyo. Huyu binti wa Mvomero alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akikuta masomo yote yamegeuka Kiingereza, na wenzake wa shule za Inglishi midiamu walikuwa wameanza miaka saba kabla yake. Anapimwa kwenye kitu hichohicho alichonyimwa.

Hapa niwaonye kuhusu vitabu vya mitumba. Vitabu vya maandalizi ya SAT vinauzwa barabarani, Dar es Salaam na hata huku kwetu, vinene, bei ya kuvutia, jalada likiwa na ahadi kubwa. Vingi ni vya kabla ya 2005. Fungua ndani. Ukikuta sura ya vinyume au ya mlinganisho, kirudishe mezani. Kijana mmoja alikuja kwangu akiwa ameshalipia kituo kimoja cha mjini, na kituo hicho kilikuwa kikimfundisha kwa nakala ya kitabu cha namna hiyo, anakariri maneno hamsini kwa siku kwa mpangilio wa alfabeti. Alikuwa amefika herufi L. Alijua neno la Kiingereza la mtu mwenye huzuni ya kupindukia, "lugubrious", akiwa na matamshi yake na yote, na hakujua kwamba "check" inaweza kuwa ni kuzuia kitu kisizidi. Bidii ile iliniuma. Aliyemuuzia huduma hiyo alimchukulia pesa na miezi yake, na kati ya hivyo viwili pesa ndiyo iliyo rahisi kurudi.

Tunachofanya sisi ni hiki. Kila kijana ana daftari, na haandiki neno gumu humo. Anaandika neno analolijua, ambalo amelikuta likifanya kazi asiyoitegemea, pamoja na sentensi nzima alimolikuta. Sentensi nzima ni lazima. Neno peke yake na tafsiri yake halimsaidii kitu, maana shida ilianza kwa kuwa na tafsiri moja. Tunasoma kurasa za maoni za The Citizen na Daily News, nakala za wiki zilizopita ambazo hazigharimu kitu, kwa sauti, na kila mmoja anasimamisha wengine anapokuta neno lililovaa nguo nyingine. Jumamosi moja "novel" ilijitokeza kwenye habari ya kilimo. Binti wa Mvomero ndiye aliyetusimamisha.

Wapo watakaoniuliza kama mtihani wenyewe usingefutwa tu. Chuo Kikuu cha California kiliacha kuutazama kabisa, na wakati wa korona vyuo vingi viliufanya kuwa wa hiari. Baadaye MIT iliurudisha mwaka 2022, Dartmouth, Yale na Harvard wakafuata mwaka 2024. Dartmouth walieleza kwamba waombaji kutoka familia duni walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kudhani ni ndogo, ilhali chuo hupima alama kwa kuangalia mtu ametoka wapi. Hoja hiyo naikubali. Mtoto wa shule ya kata hana barua ya mwalimu maarufu, hana safari za kujitolea, hana klabu ya mijadala. Alama 1300 ni sauti yake. Lakini huko huko Marekani watafiti wa Opportunity Insights walionyesha mwaka 2023 kwamba watoto wa asilimia 1 ya matajiri wa juu wana uwezekano mara 13 zaidi wa kufikia 1300 kuliko watoto wa asilimia 20 ya chini. Sitaki mtihani ufutwe. Nataka wanaousimamia wakubali kwamba msamiati mwepesi si mwepesi kwa kila mtu, na wanaochagua wanafunzi wasome alama ya lugha ya mtoto wa Mvomero wakijua alianza lini kufundishwa kwa Kiingereza.

Na ada. Mazoezi ni bure, mtihani si bure. Ukijumlisha ada yenyewe na nyongeza ya walio nje ya Marekani inapita dola 100, zaidi ya shilingi laki mbili za kwetu, kabla ya nauli na malazi, maana vituo ni vichache na wa Morogoro anapaswa kusafiri. Msamaha wa ada upo, ila ni wa wanafunzi walioko Marekani na wa raia wake walioko nje. Huku kwetu serikali ilifuta ada kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Yaani mtoto amefika hapo alipofika kwa sababu hakudaiwa ada, kisha mlango wa mwisho unamdai laki mbili na zaidi. College Board wametoa bure kila kitu cha kujifunzia, nawashukuru kwa dhati. Msamaha huo wa ada kama ungevuka bahari, ningewaandikisha vijana wote waliopita sebuleni kwangu, na siyo wale tu ambao mjomba ameuza mbuzi.

Kwa wanaotaka kuanza: mtihani wa kidato cha sita ni Mei, na wengi huitwa JKT mara tu baada ya hapo, ambako hakuna simu wala kompyuta. Wakirudi wanabaki na wiki chache kabla ya SAT ya Oktoba. Usisubiri. Chapa maswali ya maneno mwezi Januari kijana akiwa bado shuleni, asome kifungu kimoja kila usiku baada ya prepu, na daftari lake aende nalo hadi kambini, ni jepesi na halihitaji chaji.